Kumpandisha Mtoto Ndege Bila Kumwogopa Jirani wa Kiti

Wazazi wengi wa huku Mombasa waliowahi kwenda Nairobi na mtoto mchanga kwa ndege wameliona jambo hili: wakati wa kwenda mtoto alitulia tuli, na wakati wa kurudi, ndege ilipoanza kuteremka, alilia mpaka abiria wakageuza shingo. Kuna wasemao amechoka, kuna wasemao ametupiwa jicho. Sababu iko masikioni mwake, na inapimika kwa mita. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Moi, hapa Port Reitz, uko mita 61 tu. Ndege ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani yake huwa nyepesi, kama ya mlimani penye mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Kwa hiyo anayetua Nairobi sikio lake halina kazi kubwa, maana hewa aliyokuwa akiivuta ndani ya ndege na ile atakayoikuta nje zinakaribiana. Anayetua Mombasa huteremshwa kutoka hewa ya mlimani hadi hewa ya pwani, na sehemu kubwa ya mteremko huo humkuta katika dakika 20 au 25 za mwisho.

Nimeanza na hili kwa makusudi. Maneno ya kwamba watoto wachanga wasipandishwe ndege, kwamba wanasumbua waliolipa pesa zao, yanasikika siku hizi hata kwetu, tena kutoka kwa watu waliolelewa kwenye matatu za Kisauni na feri ya Likoni. Msimamo wangu ni kwamba mtoto ana haki ya kusafiri kama abiria mwingine yeyote, na kwamba kilio chake mara nyingi ni maumivu au njaa ambayo mzazi aliyejiandaa anaweza kuipunguza sana. Lakini maandalizi yenyewe yanataka maarifa, na hayo hatupewi tunapokata tiketi.

Ndani kidogo ya sikio, nyuma ya kiwambo chake, kuna chumba chenye hewa. Chumba hicho kimeunganishwa na nyuma ya koo kwa mrija mwembamba. Ndege inapopaa, hewa ya chumbani hupanuka na kutoka yenyewe kupitia mrija, ndiyo maana kupaa hakuumizi sana. Inaposhuka mambo hugeuka: hewa ya nje inakuwa nzito, inakisukuma kiwambo ndani, na ule mrija unabanwa. Hapo haufunguki mpaka misuli ya koo iuvute, na misuli hiyo huvuta mtu anapomeza au kupiga miayo. Mtu mzima anajua, anameza mate, sikio linazibuka. Mtoto mchanga hajui, na mrija wake ni mfupi, mwembamba na umelala zaidi kuliko wa mkubwa, kwa hiyo huziba upesi. Dawa yake ni moja: ameze, ameze, ameze, tangu mteremko unapoanza hadi magurudumu yaguse lami.

Hapa ndipo wengi tunapokosea saa. Mama anamnyonyesha mtoto pale uwanjani Nairobi mpaka anashiba kabisa, ili asisumbue. Ndege inapaa, mtoto analala. Taa ya mkanda inawaka kwa kutua, mtoto anaamka akiwa na maumivu, anapewa ziwa na kulikataa, kwa sababu ameshiba na sikio limekwisha kuziba. Kunyonya kwenyewe kunamuuma. Fanya kinyume chake. Mnyonyeshe kiasi kabla ya kupanda, umwache na nafasi tumboni. Ndege ikishatulia angani, mchezeshe, muimbie, akilala na alale. Kisha usingoje taa ya mkanda. Safari nzima haifiki saa moja angani, na ndege huanza kushuka ikiwa bado iko bara, karibu na upande wa Voi. Utajua kwa sauti: mngurumo wa injini unapungua na kuwa laini, ndege inainamisha pua kidogo, na masikio yako mwenyewe yanaanza kujaa. Hapo hapo mweke ziwani au mpe chupa. Akiwa usingizini usimshtue, msogeze tu, gusa shavu lake kwa chuchu. Watoto wengi hunyonya huku wamelala, na kunyonya kwa usingizi pia ni kumeza.

Ukiwa unanyonyesha wakati wa kutua, funga mkanda wako kiunoni kwanza, wewe peke yako. Kamwe usimweke mtoto ndani ya mkanda mmoja na wewe, kwani ndege ikifunga breki kwa nguvu mwili wako ndio utakaomkandamiza. Yapo mashirika yanayotoa mkanda mdogo wa mtoto unaoshikizwa kwenye wako, uliza unapoingia. Mlaze kichwa chake kielekee dirishani, kisielekee njia ya katikati wanapopita watu na kile kikokoteni cha vinywaji. Mbeleko ifunguliwe, maana wahudumu wengi hawakubali mtoto awe amefungwa kifuani wakati wa kupaa na kutua. Mkono mmoja ushike mgongo, mwingine ushike kisogo. Akiacha kunyonya, mwinue wima, mcheulishe, kisha mrudishe. Akikataa kabisa, mpe nyonyo bandia au hata kidole chako safi akinyonye, kwa maana mate yake mwenyewe yanatosha kumfanya ameze. Aliyevuka miezi 6 unaweza kumpa maji kwa kijiko cha chai, kidogo kidogo. Wa chini ya hapo maziwa yanamtosha.

Na nguo ya mama nayo ni maandalizi. Dera letu ni zuri kwa joto, lakini dera la kawaida halina mlango wa ziwa. Ukiwa umefungwa mkanda huwezi kulivuta juu bila aibu na fujo. Vaa lenye zipu mbele, au gauni la vifungo, na juu yake leso. Anayevaa buibui la kufunguka mbele ana nafuu kuliko wote. Leso chukua jozi nzima ambayo hujaikata: moja ya kumfunika, nyingine ya kutandika, ya kufutia, ya kumzuilia baridi. Sisi wa pwani husahau kwamba ndani ya ndege kuna baridi, na Nairobi ya mwezi wa Julai si ya kuingia na mtoto aliyevalishwa kwa ajili ya Bamburi. Soksi na kofia viwe kwenye begi la mkononi, na mtoto avalishwe tabaka jepesi juu ya tabaka, usije ukamvua na kumwacha uchi jasho likimtoka.

Anayekwenda mbali zaidi na apige hesabu hiyo hiyo ya mita. Uwanja wa Addis Ababa uko mita 2,334 juu, kwa hiyo kutua kule masikio hayasikii kitu kikubwa. Shida ni kurudi. Dubai iko usawa wa bahari kama sisi, basi mtoto ataumia kurudi na kuumia kwenda, na mama anayempeleka mwanawe Ghuba kwa jamaa lazima abakize maziwa ya kutua kokote anakotua.

Mwenye mafua mazito au sikio linalotoa usaha asipandishwe ndege kabla hajaonwa na daktari. Mrija uliokwisha kuvimba haufunguki kwa kunyonya pekee. Pitia kliniki siku moja mbili kabla, iwe hospitali ya Likoni au ya Port Reitz au zahanati iliyo karibu nawe, waangalie masikio. Kwa mafua mepesi, muulize mfamasia matone ya maji ya chumvi ya pua, umtilie mtoto muda mfupi kabla ndege haijaanza kushuka. Na kama safari inaweza kuahirishwa, ahirisha, au chukueni treni pale Miritini. Treni hupanda polepole kwa saa tano au sita, sikio likapata muda wa kuzoea, na mtoto mdogo wa chini ya miaka 3 halipishwi. Kuna watoto ambao treni inawafaa kuliko ndege, hasa wale waliojifunza kutembea juzi na hawataki kushikwa.

Sasa niseme la Piriton. Imekuwa desturi mjini kwetu kumpa mtoto kijiko cha dawa ya mafua au ya mzio ili alale njiani, na ushauri huu hutolewa na watu wanaompenda mtoto kwa dhati: nyanya, shangazi, jirani. Usiufuate. Dawa hizo si za kulazia watoto. Baadhi huwafanya watoto wahangaike badala ya kulala, na kwa wachanga zinaweza kupunguza pumzi. Promethazine, iliyo katika jamii hiyo hiyo na inayouzwa sana, ilipewa onyo kali na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2004 kwamba isitumiwe kabisa kwa watoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu hiyo ya kuzuia pumzi. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi na hakuna hospitali. Mwambie nyanya kwa adabu, "Asante, bibi, daktari amenikataza," na umalize hapo. Kilio cha saa moja hakijamdhuru mtoto yeyote kama kinavyoweza dawa hiyo.

Kuhusu umri, mashirika yanatofautiana. Mengi huanzia siku ya 7 baada ya kuzaliwa, mengine huanzia wiki 2, na aliyezaliwa kabla ya wakati hutakiwa barua ya daktari. Uliza unapokata tiketi. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa, na nauli yake huwa sehemu ndogo ya nauli ya mkubwa. Akitimiza 2 lazima awe na kiti chake, hata kama ametimiza juzi. Mtaje mtoto mapema wakati wa kukata tiketi, usije ukamtokeza kaunta. Kuna sababu ya usalama: kwenye ndege kubwa barakoa za hewa za dharura huhesabiwa kwa safu, na kila upande wa safu huwa na barakoa ya ziada moja, kwa hiyo watoto wawili wa kupakatwa hawawekwi pamoja. Mama wawili waliopanga kukaa ubavu kwa ubavu ili wasaidiane huvunjika moyo kwa hili. Chukueni viti vya mbele na nyuma, au ng'ambo ya njia.

Karatasi ni hizi: cheti cha kuzaliwa, na kama hakijatoka, ile taarifa ya kuzaliwa mliyopewa hospitalini pamoja na kijitabu cha kliniki, lakini pigieni shirika muulize kama watazikubali. Kwa safari ya nje mtoto ana pasipoti yake, hata awe wa mwezi mmoja, na mzazi anayesafiri peke yake abebe barua ya ruhusa ya mzazi mwenziwe. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usiende kuchanjwa mkesha wa safari. Nchi nyingi huiuliza kwa anayetoka Kenya, nyingine kuanzia miezi 9, nyingine mwaka 1.

Ule mpaka wa mililita 100 za majimaji, uliowekwa mwaka 2006 baada ya njama ya mabomu kugunduliwa Uingereza, hauyabani maziwa na chakula cha mtoto wa kusafiri naye. Yatoe uyaweke wazi kwenye ukaguzi, useme ni ya mtoto, uwe tayari kuonja ukiambiwa. Anayetumia maziwa ya unga apime vipimo vyake vikavu kwenye kichupa, na maji ya moto yawe kwenye chupa ya chai ndogo. Usitegemee maji ya moto ya ndegeni katika safari fupi. Wahudumu wana dakika chache na watu wengi. Kwenye ukaguzi huo huo mtoto atatolewa kibebeoni apitishwe mikononi mwako, basi asiwe amefungwa fundo la kufunguliwa na watu wawili.

Kufika uwanjani nako kunaamua mtoto atakavyokuwa angani. Anayeishi Changamwe au Magongo anauona uwanja uko hapo tu, akatoka amechelewa, akakutana na foleni ya malori ya makontena. Mtu wa Kisauni ana daraja la Nyali, kisha mjini, kisha Makupa, na asubuhi kila kimoja kina msongamano wake. Wa Likoni sasa ana hiari: avuke kwa feri, au apite barabara ya Dongo Kundu inayomtoa upande wa kusini hadi Miritini bila kugusa kivuko. Na mtoto mchanga, mimi ningechukua Dongo Kundu hata kama nauli ni kubwa, kwa sababu kungoja feri juani na begi na mtoto ni kumchosha kabla hajaanza. Panga uwe uwanjani saa 2 kabla. Hizo dakika za ziada si za kukaa: ndizo za kubadilisha pampasi, kumnyonyesha kiasi, na kwa anayetembea, kumwachia akimbie huku na huku mpaka aheme. Pampasi ibadilishwe dakika ya mwisho kabisa kabla ya kuitwa, maana choo cha ndege hizi ndogo ni kifinyu na taa ya mkanda haiishi kuwaka. Mfukoni mwa kiti cha mbele yako weka pampasi moja, kitambaa kilicholoweshwa na mfuko wa kutia uchafu. Begi likiwa juu, kwenye kabati, vitu vilivyomo ni sawa na vilivyobaki nyumbani.

Mpaka hapa nimesema ya wachanga, na kwa hao sina lawama ya kumpa mzazi. Wa miaka 3, 4, 5 ni habari nyingine. Mtoto wa miezi 5 anapolia hana adabu mbaya. Wa miaka 4 anayepiga mateke kiti cha mbele kwa dakika 40 huku babake akitazama simu, huyo ni wa kukatazwa, na anayekatazwa kwanza ni baba. Tatizo ni kwamba tunawapeleka ndegeni watoto waliozoea uwanja wazi wa Mtongwe au Mlaleo, wasiokaa kitini hata wakila, tukataka wakae kama wazee wa baraza. Mfunze wiki nzima kabla. Panga viti viwili nyumbani, kimoja mbele ya kingine, mfunge leso kiunoni iwe mkanda, kaa wewe mbele, na akikupiga teke mwambie unavyoumia. Watoto wanaupenda mchezo huu, na siku ya safari neno moja tu linatosha: "Kumbuka mgongo wa mama." Mkalishe dirishani. Ukienda Nairobi, upande wa kushoto, Kilimanjaro huonekana mawingu yakiruhusu. Ukirudi, ni kulia. Mwambie atafute mlima wenye theluji. Huo ni utulivu wa robo saa.

Mpe vitu vya mikono: karatasi za kubandika, kikoba chenye zipu na vifungo vya kufungua na kufunga, kitu kimoja kipya ambacho hajakiona na ambacho hutakitoa mpaka ndege itulie angani. Katuni za simu ziwe bila sauti au kwa hedifoni za kitoto. Hili nalitilia mkazo, maana kilio cha mtoto hakizuiliki ila sauti ya katuni inazuilika kwa kidole kimoja. Chakula kiwe kisichonata na kisichomkaba: vipande vya mkate, ndizi, viazi vilivyochemshwa, tende zilizotolewa kokwa na kukatwa vipande. Njugu na peremende ngumu si za chini ya miaka 5, na lolipopu mdomoni ndege ikirukaruka ni hatari. Wakati wa kushuka mpe kinywaji cha kufyonza kwa mrija, anyonye taratibu. Kufyonza kunamfanya ameze mara nyingi kuliko kunywa kwa gilasi. Soda iache, gesi yake itamjaa tumboni.

Kuna mashirika duniani yaliyojaribu kulimaliza jambo hili kwa kuwatenga watoto. Scoot ya Singapore ilianzisha mwaka 2013 sehemu isiyokaliwa na wa chini ya miaka 12, IndiGo ya India ikafuata na safu zake za kimya mwaka 2016, na mwaka 2023 Corendon ikatangaza, kwa safari za kutoka Amsterdam kwenda Curaçao, sehemu ya walio na miaka 16 na zaidi kwa nyongeza ya euro 45. Japan Airlines ilichagua njia tofauti mwaka 2019: kwenye ramani ya viti mtandaoni, kiti alichowekewa mtoto mchanga kinaonyeshwa kwa alama, ili anayetaka umbali ajichagulie mwenyewe. Hii ya Wajapani naiona ya busara kwa sababu haimfukuzi mtu. Zile nyingine hazifai kwetu hata kwa vipimo: ndege nyingi za Mombasa na Nairobi ni chumba kimoja chembamba, njia moja katikati, na kilio cha safu ya 3 kinasikika safu ya 18. Ungeweka pazia ungekuwa umemtenga mama bila kumpa mtu kimya.

Pia sipendi desturi iliyovuma mwaka 2019, mama mmoja aliyesafiri kutoka Seoul kwenda San Francisco alipowagawia abiria vifuko zaidi ya 200 vyenye peremende na vizibo vya masikio, kuomba radhi kwa kilio cha mwanawe kabla hakijatokea. Moyo wake ulikuwa mwema. Ila tukilizoea hilo, mama wa Likoni asiye na pesa za vifuko ataonekana mkosaji. Mtoto hana deni la kulipiwa peremende.

Aibu hii ya mama na mtoto mahali pa watu tunaijua. Agosti 7, 2019, Zuleikha Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliingia ukumbi wa Bunge la Taifa akiwa na mwanawe wa miezi 5, akaamriwa kutoka na Christopher Omulele aliyekuwa amekikalia kiti cha Spika, kwa hoja kwamba kanuni zinamhesabu mtoto kuwa mgeni ukumbini. Wabunge wanawake kadhaa walitoka pamoja naye. Mwaka mmoja kabla yake, Mei 2018, wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kusema alifukuzwa mkahawani kwa kunyonyesha. Nayakumbusha haya ili mama anayenyonyesha kitini asijikunje. Jifunike kwa leso ukitaka, ni heshima yako. Usiende kumnyonyeshea mtoto chooni.

Kwa aliyepangiwa kiti karibu na mtoto, nina mbinu pia, na ya kwanza tayari anayo, kaiacha tu kizingitini mwa ndege. Kwenye matatu ya Bamburi iliyojaa, mama akiingia na mtoto na mkoba, aliyekaa hunyoosha mikono bila kuulizwa, "Nipe mtoto, dada." Kwenye feri mtu humshikia mwanamke mwavuli au mzigo mpaka ng'ambo, wakaachana bila kuulizana majina. Ndegeni watu hao hao hukaza macho mbele. Basi mama akihangaika na mkanda, mwambie, "Nikushikie chupa?" Mtoto akilia, sema "Pole, mama," kwa sauti ya kawaida, kisha mwache. Usimwambie amnyamazishe, angekuwa na njia angekwisha kuitumia. Usigeuke kumtazama mara ya pili. Mtoto akikutazama kati ya viti, mfanyie uso wa mchezo, wengi huacha kulia kwa mshangao. Mwenye kazi ya kufanya au aliyetoka zamu ya usiku bandarini achukue kiti mapema, mbali na safu za mbele ambako familia hupenda kupangwa, abebe vizibo vya masikio vya duka la dawa, na akiona hawezi, amwite mhudumu kimyakimya aombe kiti kingine. Ni ombi halali.

Na mzazi naye awe na neno tayari, asingoje mtu ang'ake. Ukikaa tu, msalimie jirani. Ndege ikianza kushuka na mtoto akakunja uso, mwambie, "Samahani kaka, masikio yanamuuma, tukitua atatulia." Mtu aliyeelezwa sababu huvumilia zaidi, na mara nyingi hapo ndipo anapokuambia na wake walivyokuwa. Wa teke la kiti, mwombe radhi aliyepigwa mbele ya mtoto mwenyewe, asikie.

Mkitua, kaeni. Waacheni wenye haraka washuke, mmalize kunyonya, umwinue wima, umpoze. Masikio ya baadhi ya watoto hukaa yameziba mpaka jioni, kwa hiyo mkiwa ndani ya tuktuk au gari ya kwenda Magongo, Mtopanga au Likoni endelea kumpa maziwa mara kwa mara, na mweke wima kidogo kabla ya kumlaza. Kesho yake akiendelea kulivuta sikio, akipata homa, akikataa ziwa, au ukaona maji au damu ikitoka sikioni, usimtilie mafuta wala kitu chochote ndani. Chukua kijitabu cha kliniki umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umweleze daktari kwamba alisafiri kwa ndege, lini, na alitua wapi.